Elfu 40 ya kupima injini tunaiona nyingi, milioni mbili ya kubahatisha tunakopa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua hii itakuwa ndefu kuliko mlivyozoea, ila imenikaa kifuani tangu mwezi wa tatu na kila nikikaa na wenzangu kazini au nikiwa kwenye daladala namsikia mtu anasimulia mkasa uleule wa gari kubadilishwa vitu kwa kubahatisha bila kupimwa, kinachotofautiana ni aina ya gari tu na kiasi cha hela kilichopotea.

Mimi ni mtu wa maabara, niko kwenye zahanati hapa Dar es Salaam tangu 2007. Gari ninayo moja, Premio ya 2003, ile yenye injini ndogo ya 1NZ, cc 1,500, namba D, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2019 kwa milioni 11. Sio gari ya starehe. Kuna zamu za usiku ambazo natoka saa ambazo usafiri ni wa kubahatisha, na mama yangu ana kliniki kila mwezi na miguu yake haimruhusu kupanda daladala. Kwa hiyo gari ikilala, nyumba nzima inayumba.

Shida ilianza kidogokidogo. Jumapili nikifungua boneti naikuta ile chupa ya maji imeshuka, najaza, Jumapili nyingine imeshuka tena, na nikiinama kuangalia chini ya gari pakavu kabisa, hamna hata tone. Halafu asubuhi nikiwasha inatetemeka kama mtu mwenye baridi, dakika moja mbili inatulia na inakuwa nzima kama haijawahi kuumwa. Nimeandika hivi kwa makusudi Mhariri, maana baadaye nilikuja kujua kwamba hayo mambo matatu, maji yanapungua, hayadondoki chini, na inatetemeka ikiwa ya baridi tu, yakiwekwa pamoja yanatosha mtu mwenye kazi yake kusimama na kusema hebu kwanza tupime. Mimi niliyataja yote matatu kwa mafundi watatu, kwa mdomo wangu, na hakuna aliyesimama.

Siku moja natoka Ubungo napandisha Kimara na foleni imeshika, mshale wa joto ukaanza kupanda, nikazima AC, ukaendelea kupanda, nikaweka pembeni. Fundi wa kwanza ni kijana wa gereji bubu jirani na nyumbani, kijana mzuri tu, mnyenyekevu, alifungua akaangalia akasema mama hapa tatizo ni themostati, hii nchi ya joto themostati ni ya Wazungu na Wajapani huko kwenye barafu, huku haina kazi, tunaitoa. Akaitoa. Akabadili na mfuniko wa rejeta. Elfu 35 yote pamoja nikashukuru nikaondoka. Hii habari ya kutoa themostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, naomba niirudie baadaye kwa sababu nadhani nusu ya magari ya mji huu yanatembea bila hicho kidude.

Ikakaa wiki mbili. Ile kutetemeka asubuhi ikazidi na taa ya cheki injini ikawaka, nikaenda sehemu yenye mashine, maana wote tunaamini ukishachomekwa mashine basi ukweli umepatikana. Jamaa akachomeka, ikatoka P0302, akaniambia sista mashine imesema koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Tukabadili koili 70,000, na plagi zote nne 60,000, ufundi 20,000. Kesho yake asubuhi nawasha, inatetemeka vilevile. Taa ikarudi baada ya siku tatu.

Hapo mimi kama mtu wa maabara nilipaswa kushtuka, na nakiri nilichelewa. P0302 maana yake ni kwamba silinda namba 2 haichomi sawasawa, basi. Haisemi koili, haisemi plagi, haisemi noseli, haisemi gasketi. Ni sawa na mgonjwa nimpime damu nikute chembe nyeupe zimepanda, karatasi yangu inasema zimepanda, haisemi ni ugonjwa gani, na daktari akiandika dawa kwa kusoma huo mstari mmoja tu bila kumgusa mgonjwa atakuwa anabahatisha. Na kumbe kulikuwa na njia ya bure kabisa ya kujua kama koili ndio mbovu: unaichomoa koili ya silinda ya 2 unaihamishia ya 4, ya 4 unaileta 2, unafuta kosa, unaendesha. Kosa likihamia silinda ya 4 basi koili ni mbovu, likibaki palepale kwenye 2 koili haina hatia. Dakika kumi, spana moja ya namba 10, senti tano haikutoki. Mimi nimelipa laki na nusu kwa sababu hakuna aliyetumia dakika kumi.

Mara ya tatu ikanichemkia kabisa barabarani, moshi mweupe nyuma, maji yanaruka kwenye mfuniko. Brekidauni 80,000. Gereji ya tatu ilikuwa na uzio na bango na vijana wenye ovaroli, nikajipa moyo. Wakabadili rejeta 180,000, wota pampu 85,000, ufundi 60,000. Nikatembea siku nne, ikachemka tena. Nikarudi nimekasirika, mkuu wao akaja akaiwasha, akasikiliza kama sekunde ishirini hivi, akasema mama nisikudanganye, injini imekufa. Tutafute used kutoka Japani, milioni 1 na laki 8, ufundi laki 3, inakuja na waranti ya wiki moja.

Milioni 2 na laki 1. Kwa kusikiliza sekunde ishirini.

Hela hiyo sikuwa nayo, nikaenda kikoba chetu kuomba mkopo. Sasa katibu wetu ni mama mmoja mkali sana kwenye makaratasi, akaniambia leta makadirio ya maandishi kutoka gereji, yenye sababu ya kazi na mchanganuo. Nikampigia mkuu wa gereji, akaniambia sisi huwa hatuandikagi, njoo na cash tu tuelewane. Katibu akakataa. Nilimkasirikia kweli siku ile, nililia hadi chooni, lakini naomba nimshukuru hapa hapa gazetini kwa sababu lile kataa lake ndilo lililonipa wiki moja ya kufikiri, na ndani ya wiki hiyo dereva mmoja wa zahanati jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Tabata.

Mzee hana bango. Ana banda la mabati, mwembe, na kabati la chuma la vifaa lililopangwa kuliko stoo yetu ya vitendanishi. Cheti chake cha VETA kimebandikwa ukutani, kimefubaa. Nikaanza kumsimulia, hakunikatiza, akaniuliza maji yanapungua kiasi gani kwa wiki, inatetemeka ikiwa ya moto au ya baridi, moshi unanukia nini, nani alijaza maji na alijaza maji gani. Alipomaliza akasema mwanangu mimi kupima nachukua 40,000, hela hiyo ni ya kupima tu, nikikuta tatizo ni bolti moja limelegea utanipa hiyohiyo 40,000, na nikikuta injini imekufa kweli utanipa hiyohiyo. Ukitaka kutengenezea kwingine chukua majibu yako nenda.

Nitasema ukweli Mhariri, moyoni nilisema huyu naye mwizi, 40,000 kabla hajashika spana? Na hapo nimeshatoa laki 5 na elfu 90 kwa watu watatu bila kuuliza hata swali. Ndivyo tulivyo. Kitu kinachoshikika mkononi, rejeta mpya inayong'aa, tunalipa. Kujua, hatulipi.

Basi akapima, na nilikaa kwenye stuli pembeni nikaangalia yote. Kwanza injini ikiwa ya baridi akafungua mfuniko wa rejeta akafunga kipampu cha mkono chenye mita, akapampu mpaka presha ile ambayo mfuniko wenyewe unaishika, ikawa inasoma kama kilo 1, akaacha. Tukakaa. Mshale ukawa unashuka polepolepole. Akanipa tochi akasema zunguka gari lote tafuta maji yanatoka wapi. Nikazunguka, mipira, rejeta, chini ya dashibodi kwenye zulia, hamna. Akasema sawa, presha inashuka na nje hakutoki, kwa hiyo yanaingia ndani.

Kisha akatoa plagi zote nne akazipanga kwenye kitambaa kwa kufuata mpangilio wa silinda. Akanionyesha, ya 1 na ya 4 zina rangi ya kahawia iliyofifia, ya 3 imefifia zaidi, ya 2 nyeupe safi kama imeoshwa. Imeoshwa kweli, akasema, mvuke ndio unaoiosha. Akachomoa soketi za noseli ili mafuta yasimwagike ndani, akafunga mita ya kompresheni, inayopima silinda inabana hewa kwa nguvu gani, kwenye tundu la silinda ya kwanza, akaniambia panda, kanyaga mafuta mpaka chini, piga sterta mpaka nikwambie. Silinda ya 1 ikasoma 180. Ya 2 ikasoma 105. Ya 3 ikasoma 110. Ya 4 ikasoma 175. Anaandika kwenye kipande cha boksi kwa chaki. Akachukua oili kijiko kimoja akamimina silinda ya 2, tukarudia, ikabaki palepale, akafanya ya 3 vilevile, palepale. Akasema kama ringi za pistoni zingekuwa zimeisha hiyo oili ingeziba kidogo na kipimo kingepanda, hakijapanda, kwa hiyo ringi ni nzima, na silinda mbili zilizopakana zikishuka pamoja hivi, angalia ukuta ulio katikati yao. Mwisho akarudisha plagi akawasha, akaweka kichupa chenye dawa ya bluu juu ya mdomo wa rejeta, kinavuta hewa inayotoka kwenye maji. Dawa ile ikianza kugeuka njano maana yake kuna moshi wa injini ndani ya maji. Iligeuka kijani, halafu njano, mbele ya macho yangu, hata dakika mbili hazikufika.

Nimefanya kazi ya vipimo miaka yote hii na sijui kama nimewahi kuona kipimo kilichonigusa kama kile cha rangi. Mtu ninayemtoboa kidole anasubiri dakika 15 kuona mstari mmoja au miwili, mimi nilikuwa upande wake siku hiyo.

Jibu likawa gasketi ya silinda hedi, ule utando unaoziba kati ya injini na hedi, yaani kichwa chake cha juu, imeungua kati ya silinda ya 2 na ya 3. Injini haijafa. Akaishusha hedi, wala hakushusha injini nzima, akaweka rula yake ya chuma juu ya uso wa hedi akapitisha vile vijisahani vyembamba vya kupimia. Akanieleza kwamba kwa injini hii uso ule hautakiwi kupinda zaidi ya 0.05 ya milimita, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo, na yangu ilikuwa inapitisha kijisahani cha 0.10. Ikaenda mashine kusawazishwa. Gasketi seti mpya, bolti za hedi mpya kwa sababu zile hukazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, halafu zinazungushwa tena nyuzi 90 na 90 nyingine, zinavutika, na ukizirudia za zamani unajitafutia. Themostati ikarudi mahali pake. Kulanti ikajazwa. Na kabla sijalipa aliniandikia, kwenye daftari la kaboni, nakala yangu ninayo: kupima 40,000, gasketi 130,000, bolti 60,000, mashine 70,000, themostati 45,000, kulanti 50,000, oili na filta 75,000, ufundi 200,000. Jumla 670,000. Spea nilienda kununua mwenyewe Ilala kwa karatasi aliyoniandikia, na risiti za EFD nikapewa, na spea za zamani zote nilikabidhiwa kwenye mfuko.

Sasa jamani tujiulize, kama ningeanza na zile 40,000, zile laki 5 na elfu 90 zingekuwa wapi? Na kwa taarifa yenu rejeta ya zamani ilikuwa nzima, mzee alisema baada ya kuiona nyuma ya gari, na wota pampu pia. Huenda hata hedi isingepinda, maana ilipindia kwenye kule kuchemka mara ya pili na ya tatu, wakati tunaendelea kubadilisha vitu.

Narudi kwenye themostati kama nilivyoahidi. Wenye magari wenzangu, mkiambiwa na fundi kwamba huku kwetu haina kazi, msikubali. Inafunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu, nchi iwe ya joto iwe ya baridi maji ya injini yanazidi hapo, kwa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya barafu, imewekwa ili injini ifike joto lake haraka na ibaki hapohapo. Ukiitoa themostati, injini inakaa ya baridi, kompyuta inadhani ndio kwanza umewasha inaendelea kumwaga mafuta mengi, unalalamika gari inakula, oili inachafuka mapema. Na maji. Mimi nilikuwa najaza maji ya kisima cha nyumbani, na wenyeji wa Dar mnajua visima vyetu vilivyo na chumvi, ukiyaacha kwenye ndoo yanaacha weupe. Hedi ni ya alumini. Mzee alinionyesha kwa kidole jinsi pembeni ya matundu ya maji palivyoliwa, vishimo vidogovidogo kama jino bovu. Mfuniko nao, watu wanaona ni kifuniko tu, kumbe ule ndio unaoshika presha, na presha ya kilo 1 na kidogo ndiyo inayofanya maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukifunga mfuniko wa elfu tano usioshika, unachemsha kwenye 100 kama sufuria.

Nataka nisieleweke vibaya, siwashambulii mafundi. Nilimuuliza mzee kwa nini wenzake hawapimi, akanijibu kitu ambacho kiliniuma. Alisema mwanangu, mteja akija nikamwambia kupima ni 40,000 anaondoka, anakwenda kwa kijana anayesema bure. Yule kijana anayesema bure ana mke na watoto, atakula nini? Atakula kwenye spea. Anakwambia rejeta, dukani anakuta 140,000, anaongea na mwenye duka risiti ya mkono isome 180,000, cha juu chake hicho. Kwa hiyo fundi halipwi akijua, analipwa akibadilisha, na mtu anayelipwa kwa kubadilisha atabadilisha. Sisi wateja ndio tuliojenga huu utaratibu. Tunamlipa fundi elfu 10 kwa kushinda chini ya gari juani tangu asubuhi, tunajisifu tumemkamua, halafu tunashangaa cha juu kimetoka wapi. Mimi sikitetei cha juu, ni wizi, nimeibiwa. Ila nasema mlipe fundi ujuzi wake waziwazi, umpe na heshima yake, halafu spea ukanunue mwenyewe.

Kwenye kazi yetu tulikuwa hivihivi. Nilipoanza, mtoto akiletwa na homa ni malaria, mtu mzima akija mwili unamuuma ni malaria, dawa mseto zinatoka, wengi wao hawana mdudu hata mmoja, na yule mwenye nimonia anarudishwa nyumbani na dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayehisiwa malaria apimwe kwanza, na vile vipimo vya haraka vya kutoboa kidole vikasambaa mpaka zahanati za vijijini. Watu walilalamika mwanzoni, mama anasema mwanangu anachemka we unanipotezea muda na vipimo, nipe dawa. Leo mama huyohuyo ukimpa dawa bila kumpima mtoto anakugombeza. Imechukua miaka lakini tumefika. Sioni kwa nini kwenye magari tushindwe, vifaa vyenyewe vyote vinne alivyotumia mzee, pampu ya presha, mita ya kompresheni, rula na kile kichupa cha bluu, vinaingia kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Na jambo hili ni kubwa kwetu kuliko kwa wengine kwa sababu ya magari tunayoendesha. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaingiza hata ya zaidi ya hapo kwa kulipa kodi zaidi, na mimi sisemi ifungwe, ikifungwa mtu kama mimi sitamiliki gari maisha yangu yote. Lakini basi tujue tunachonunua. Mfanyakazi mwenzangu alinunua Spacio ya 2002 yenye injini ya 1ZZ, akaikagua rangi, akakagua redio, AC inapuliza, kilomita zinasoma elfu 90, akalipa. Injini hizo za 1ZZ za mwanzo pistoni zake zilikuwa na matundu madogo ya kurudishia oili kwenye ringi, yanaziba, injini inaanza kunywa oili, Toyota wenyewe wakaja kubadilisha pistoni kwenye zile za baadaye. Yake ilikuwa inatoa moshi wa bluu kila asubuhi, muuzaji kila mara anaipasha moto kabla mnunuzi hajafika. Kufika mapema tu injini ikiwa ya baridi kungemuokoa. Sasa anatembea na galoni ya oili kwenye buti. Na ile injini ya used ya milioni 1.8 niliyotaka kuuziwa nayo ni hivyohivyo, imetolewa kwenye gari gani, ilichemka mara ngapi, nani anajua, hakuna aliyependekeza kuipima kabla ya kuifunga, na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari kwa hiyo ukibadilisha na kadi nayo inabidi ishughulikiwe.

Kwa hiyo ombi langu kwenu Mhariri na kwa wanaohusika. Gereji, hata ile ya chini ya mti, iandike bei ya kupima peke yake, ukutani, mteja aione, na ikishapima impe mteja namba kwenye karatasi, silinda ya kwanza ngapi, ya pili ngapi, presha ilishuka kutoka ngapi hadi ngapi, sio "injini imekufa". Mimi nikimpa mgonjwa jibu la "damu yako mbaya" nitafukuzwa kazi kesho. VETA wana ule mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, ni mpango mzuri sana, naomba somo la kupima lipewe uzito kuliko la kufungua na kufunga, maana kufungua na kufunga vijana wetu wanajua, tena wana mikono ya ajabu. Tume ya Ushindani wanahangaika na bidhaa feki, nawapongeza, waangalie na hizi gasketi na mifuniko ya rejeta zenye maboksi yanayofanana na ya orijino, mzee alinionyesha mbili, boksi ni pacha, moja herufi zake zinafutika kwa kidole kilicholowa mate. Na vikoba vyote nchini, mtu akiomba mkopo wa kutengeneza gari, mfanye kama katibu wetu, muombeni karatasi.

Kama mtanipa nafasi ningependa pia gazeti litenge hata robo ukurasa kwa wiki mafundi wenye uzoefu waeleze kipimo kimoja kimoja kwa lugha hii tunayoongea. Mzee mwenyewe nilimuomba nimtaje, akakataa, anasema atajaza watu chini ya mwembe na yeye hana haraka na gari la mtu.

Gari imetembea kilomita elfu 6 na kidogo tangu ifungwe. Chupa ya maji naiangalia kila Jumapili bado, haijashuka, nimeweka mstari wa kalamu. Gasketi iliyoungua ninayo kwenye droo kazini, palipoungua ni padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, katikati ya tundu la pili na la tatu. Kama mpigapicha wenu atataka kuipiga naweza kuileta ofisini siku yoyote isipokuwa Jumatano, Jumatano ni kliniki ya mama.

Jina langu naomba mlihifadhi.

Mtaalamu wa maabara,
Kimara, Dar es Salaam